Mtoto Wako Yuko kwa Nani Saa Hizi? Yaliyonikuta Usiku wa Mvua Kimara

Haya wapendwa, leo naanza na umbea wa staa halafu naishia kwangu mwenyewe. Mnivumilie.

Mtakumbuka ile klipu iliyozunguka kwenye magrupu. Staa mmoja, simtaji, mtoto wake amepigwa video yuko getini shuleni saa 12 jioni, begi mgongoni, amekaa kwenye jiwe pembeni ya mlinzi. Wenzake wote wameshaondoka. Komenti sasa! "Mama yuko Dubai anapiga picha, mtoto kaachiwa mlinzi." "Wengine Mungu angewanyima tu hiki kizazi." Siku mbili nzima mjini hapakuwa na habari nyingine.

Mimi ile klipu niliiona saluni, Sinza, nasukwa. Tulikuwa wanawake sita, kila mtu na simu yake, kila mtu hakimu. Msusi mwenyewe aliacha kichwa changu nusu ili aisome komenti moja kwa sauti. Hakuna aliyeuliza baba wa mtoto alikuwa wapi saa 12 jioni. Wala mimi sikuuliza. Nilitikisa kichwa na kusema, "Mama gani huyo jamani."

Halafu nikanyamaza, maana moyo ulinisuta. Miezi michache nyuma, huyo mama gani nilikuwa mimi. Tofauti yetu ni moja tu, mimi hakuna aliyenirekodi.

Nina mtoto wa kiume, ana miaka saba, darasa la pili. Naishi Kimara, ile ya ndani ambako ukishuka kituoni bado unahitaji bodaboda. Nauza vitenge Kariakoo, duka la mtu. Baba yake yuko Geita mgodini, anakuja kwa zamu. Hatujaachana, ndo maisha yenyewe.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Shule inatoka saa 8:30 mchana. Dukani tunafunga saa 12 jioni. Nitoke Kariakoo, nipange foleni ya mwendokasi, nisimame mpaka Kimara, nipande bodaboda, naingia ndani saa 2 usiku, na hapo Mungu akinijalia. Toka 8:30 mpaka saa 2 ni saa tano na nusu. Kwa wiki ni saa 27 na nusu ambazo mwanangu si wa shule na si wangu. Ni wa nani?

Ukiwa na kichanga angalau sheria inakukumbuka. Kuna likizo ya uzazi siku 84, ukijifungua mapacha siku 100, na ukirudi kazini unapewa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mtoto akishaingia darasa la kwanza watu wanakupa hongera, amekua huyo. Amekua wapi? Wangu alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu.

Dada wa kazi nilijaribu watatu. Wa kwanza alikaa wiki mbili, wa pili akapata kazi ya mshahara mzuri zaidi, wa tatu akaolewa. Siwalaumu. Mshahara niliokuwa nawapa hata mimi ungenikimbiza.

Ndipo jirani akaniambia kuna anti mtaa wa pili anapokea watoto wakitoka shule. Nikaenda Jumamosi moja. Mama wa makamo, mjane, nyumba yake mwenyewe, safi, uani kuna mwembe na viti vya plastiki vya watoto vya rangi rangi.

"Shikamoo anti."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umeleta mjukuu?"

Yaani pale pale nikampenda. Shilingi 2,000 kwa siku, chakula ndani yake, homuweki anasimamia, sare anafua wenyewe wakipenda. Unajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza bei. Nikauliza wanakula nini. Nikauliza kama kuna katuni. Nikauliza kama anaongea nao Kiingereza kidogo, eti mwanangu asisahau. Nikaondoka natabasamu.

Sikumuuliza ana watoto wangapi kwa jumla. Sikumuuliza akitoka anabaki nani. Sikumuuliza kwenye nyumba ile anaishi nani mwingine. Kitenge cha shilingi elfu kumi mteja wangu anakikagua mbele na nyuma, anakinusa, anauliza kama kinachuja. Mimi mtoto sikuuliza hata kama anachuja.

Miezi ikaenda vizuri. Mtoto anarudi ameshiba, homuweki imefanyika. Ila dalili zilikuwepo. Siku moja nikiwa namwogesha ananiambia, "Mama, leo anti hakuwepo." Nikamjibu, "Ameenda sokoni huyo." Siku nyingine, "Mama, kwa anti mlango unafungwa kwa nje." Nikasema ni kwa ajili ya wezi. Na kuna jioni nilifika mapema, nikakuta watoto kumi na moja, anti hayupo, yuko binti wa kazi pale, mdogo tu, kama miaka kumi na minne, ana mtoto wa mtu mgongoni huku anasonga ugali.

Niliona. Naomba niseme ukweli, niliona kabisa. Nikamchukua wangu, nikasema "asante dada", nikaondoka.

Mwenzenu kwa nini sikusema kitu? Siyo kwamba sikujua. Niliogopa jibu. Nikiuliza nikajibiwa vibaya, itabidi nimtoe mtoto. Nikimtoa, kesho saa 8:30 anashukia wapi? Sikuwa na pengine. Kwa hiyo nikachagua kutojua. Na naamini hapa tupo wengi, tunajifanya tunamwamini mtu kumbe tumekosa tu pa kwenda.

Basi bwana, ikaja masika.

Siku hiyo mvua ilianza saa 9 alasiri, ile ya kumimina. Saa 12 tunafunga duka tukasikia Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa, mwendokasi wamesitisha safari. Wa Dar mnajua hiyo habari, Jangwani ikifungwa sisi wa Kimara tumekwisha. Nikapata nafasi kwenye gari la mtu, tukazunguka Salenda. Foleni haikuwa inasogea. Nampigia anti, simu haipatikani. Saa 1, haipatikani. Saa 2, haipatikani. Nikajipa moyo, umeme utakuwa umekatika, simu imeisha chaji.

Nilifika saa 3:20 usiku, viatu mkononi. Mtaa wote giza. Mlango wa anti una kufuli, kwa nje. Kwanza nikapumua, nikadhani watoto wamepelekwa kwa jirani. Halafu nikasikia mtoto analia ndani.

Nikaita jina la mwanangu. Hakujibu. Aliyejibu ni yule binti, dirishani, nyuma ya nondo: "Mama, watoto wanatapika. Wanasema kichwa kinauma. Huyu wa kwako amelala haamki vizuri."

Sijui nilipiga kelele za aina gani. Ninachokumbuka ni kijana wa bodaboda anakuja na nondo na jirani na tochi, kufuli likaruka, mlango ukafunguka, na ile joto ya ndani ikanipiga usoni. Katikati ya sebule kulikuwa na jiko la mkaa. Mvua ilikuwa inanyesha, binti akaliingiza ndani apike, madirisha yakafungwa maji yasiingie. Watoto tisa, wengine kwenye kochi, wengine chini kwenye mkeka.

Tuliwatoa mmoja mmoja mpaka barazani. Wangu alikuwa mzito kama gunia, midomo mikavu, ananiangalia hanioni. Mvua ilivyompiga usoni akakohoa, akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Bajaji mbili na gari la jirani zikatupeleka hospitali. Watoto wakawekewa oksijeni. Daktari akatueleza taratibu, kama anafundisha darasa. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, na huo usingizi ndio unaoua, maana mtu anaona bora alale tu. Wengi wanadhani hatari ni moshi. Mkaa ukishakolea moshi hauonekani, na hapo ndipo watu wanaliingiza jiko ndani wakiamini ni salama.

Daktari akauliza nani alifungua dirisha. Kumbe yule binti, watoto walipoanza kulalamika, alifungua dirisha moja, jiko akalimwagia maji, na wadogo akawapanga chini ya hilo dirisha. Hakuna aliyemfundisha. Alifikiri tu kwamba wanahitaji hewa. Daktari akasema lile dirisha ndilo lililowabakiza. Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi, naye kichwa kinamuuma, hakuna mzazi aliyekuwa amekumbuka kwamba naye ni mtoto.

Saa 5 usiku anti akatokea. Amelowa, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Baba mmoja alitaka kumpiga, wakamshika. Anti akapiga magoti pale pale kwenye korido.

"Wanangu nisameheni. Nilitoka saa 11, nilijua saa 12 nimerudi. Nilienda kikobani kuomba waniongezee muda wa deni. Mvua imenikamata, gari hakuna, simu imezima. Mlango nafunga kwa usalama wao, wasitoke barabarani. Haki ya Mungu, kwa usalama wao."

Wenzangu wanapiga kelele, mimi nikawa nimenyamaza. Kwa sababu neno moja lilinichoma, deni. Nilikuwa nadaiwa na anti wiki mbili, shilingi 20,000. Kila asubuhi nilikuwa namwambia "anti, mwisho wa mwezi", na yeye "haya mwanangu". Wiki ile ile nilikuwa nimenunua wigi la 85,000. Kesho yake tulipokaa wazazi kujadiliana, tukaulizana nani amelipa. Kati yetu tisa, aliyekuwa hadaiwi ni mmoja.

Simtetei anti, nisieleweke vibaya. Kuwafungia watoto kwa kufuli na kuondoka na ufunguo ni kosa, na moto ungetokea tungezika watoto tisa na binti mmoja. Kumwachia mtoto wa miaka kumi na minne kazi ya watu wazima wawili ni kosa. Lakini sisi tulitaka malezi ya uhakika kwa hela ambayo hata hiyo hatukutoa kwa wakati. Hilo nalo liandikwe.

Watoto wote walipona. Wawili walilala hospitali, wangu tuliruhusiwa usiku ule ule saa 8. Mtendaji wa mtaa akaja, na afisa ustawi wa jamii. Ndo nikajua kwamba vituo vya kulelea watoto mchana vinatakiwa visajiliwe kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ustawi wa jamii wana kazi ya kuvikagua. Anti hakuwa amesajiliwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Akaambiwa asimame. Yule binti akarudishwa kwao.

Sasa na sisi, kesho saa 8:30? Wiki mbili mwanangu alikuwa anashukia dukani kwa dereva wa basi la shule kwa kubembelezwa na hela ya soda. Analala juu ya marobota ya vitenge. Bosi alivumilia siku kumi, ya kumi na moja akaniambia, "Dada, hapa ni dukani." Alikuwa na haki.

Mwishowe familia tano tukaungana. Mmoja wetu ana sebule kubwa, tukakubaliana tuajiri wanawake wawili watu wazima, siyo mmoja, ili mmoja akitoka mwingine abaki. Tunalipa kila Jumatatu asubuhi kwa simu, kabla ya huduma. Ni ghali kuliko kwa anti, siwafichi, nimeacha vitu. Jiko linakaa nje, mvua inyeshe isinyeshe, na siku ya mvua watoto wanakula mkate na chai ya chupa. Mlango una komeo la ndani ambalo mtu mzima yeyote analifungua bila ufunguo. Kila wiki mzazi mmoja anapita bila kuaga. Wa kwanza kupita alikuwa baba mmoja, na alikuwa hajui hata mwanae anakula nini mchana.

Nikaanza na kuuliza maswali kila mahali, nimekuwa kero. Nikauliza basi la shule. Linampitia mtoto saa 11:40 alfajiri, linawashusha shuleni saa 12:30. Walimu wanaanza kufika saa 1:15. Dakika 45 hizo wapo na nani? Jibu, mlinzi wa getini. Mwaka mzima nilikuwa sijui. Tulipoenda wazazi wanne kwa mwalimu mkuu, akapanga mwalimu wa zamu afike mapema. Halikuhitaji ugomvi. Lilihitaji mtu aulize.

Kwa hiyo kama una mtoto, mdogo wako, au mpwa wako yuko kwa mtu baada ya shule, iwe ni deikea, tuisheni, kwa jirani, au shule yenyewe inamshikilia mpaka jioni kwa ada ya ziada, chukua haya:

1. Uliza watoto ni wangapi na watu wazima ni wangapi saa za jioni, siyo asubuhi ulipoenda kutembelea. Dada wa miaka kumi na minne usimhesabu.

2. Uliza nani mwingine anaishi au anaingia pale. Wapangaji, vijana wa nyumba, wageni. Usione aibu, mwenye nia njema hatakasirika.

3. Angalia mlango, madirisha na funguo. Moto ukitokea wanatokea wapi?

4. Angalia jiko liko wapi mvua ikinyesha. Angalia na ndoo za maji, kisima na tangi kama vimefunikwa.

5. Kubalianeni nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Sisi tuna neno la siri, linabadilika. Hata akija mjomba wa kweli, bila neno mtoto hatoki.

6. Uliza kama wamesajiliwa. Hujui pa kuanzia, nenda ofisi ya kata, waulize afisa ustawi wa jamii.

7. Lipa kwa wakati. Mtu mwenye njaa na madeni hatakaa nyumbani kulinda wa kwako.

8. Msikilize mtoto. Siyo "shule ilikuwaje", atakujibu "nzuri". Uliza nani alikupa chakula, nani alikuogesha, nani alikuwepo, kuna siri mtu amekwambia usiniambie. Na akikwambia mlango unafungwa kwa nje, usimjibu wewe kwa niaba ya anti kama nilivyofanya mimi.

Na ukihisi mtoto yeyote, wako au wa jirani, anafanyiwa kitu kibaya, piga 116. Ni simu ya huduma kwa mtoto, bure. Polisi nako kuna dawati la jinsia na watoto.

Mwezi uliopita nilipita kwa anti. Ile 20,000 nilishamtumia siku tatu baada ya lile tukio, akanijibu kwa meseji, "Imefika mwanangu, Mungu akubariki," basi. Nilikuwa nakwepa ile njia, siku hiyo nikasema ngoja nipite. Viti vya plastiki vimepangwa juu ya vingine chini ya mwembe, vina vumbi. Yeye yuko barazani anachambua mchele.

"Shikamoo anti."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Siku hizi anafunga kamba za viatu mwenyewe."

Akacheka kidogo, akainama kwenye ungo wake. Akaniambia ameanza kufuatilia usajili, ustawi wamemwambia abomoe upande mmoja aweke mlango wa pili, bado anatafuta hela. Sikujua niseme nini. Nikasema, "Mungu atafungua njia anti," nikaenda zangu. Kama akifungua tena, nitampeleka? Nimejiuliza sana, na bado sijapata jibu.

Kwa yule staa wetu, sijui kilichomchelewesha. Labda Dubai kweli, labda foleni ya Mwenge. Ila mtoto alikuwa na mtu mzima, nje, kwenye hewa, anaonekana. Wangu siku ile hakuwa na hata kimoja.

Sasa zamu yenu. Wewe unayesoma hii kwenye daladala saa hizi, mwanao yuko kwa nani, na ana nani mwingine mle ndani? Tuambiane hapo chini mnafanyaje, wa Mbagala, wa Tegeta, wa Mwanza, wa Mombasa. Sheria za hapa mnazijua, hatutaji mtu jina. Na kabla hujakomenti, piga simu kwanza uulize mtoto yuko wapi.